Shajara ya mradi: bahari ipo, mvua haipo

8 Juni

Mradi huu umezaliwa na swali la kunitega. Ilikuwa kidato cha pili, kipindi cha mwisho, nusu ya darasa inasinzia. Ukutani nilikuwa nimebandika ile picha tuliyokua nayo wote: bahari chini, jua juu, mishale ya mvuke inapanda, wingu linasukumwa mpaka kwenye mlima wenye theluji, mvua inashuka, mto unarudisha maji baharini. Kijana wa dawati la nyuma, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bahari si ile pale?" Akaonyesha dirishani. Ghuba ya Mikindani iko hatua mia tatu kutoka darasani. "Na jua si hilo? Sasa mbona kuanzia leo mpaka msimu wa korosho hatuoni mvua?"

Nikampa jibu la kiualimu: tutalitazama kipindi kijacho. Nyumbani nikakesha nalo. Miaka kumi na moja nafundisha picha ile, wala sijawahi kujiuliza kwa nini hapa kwetu inagoma karibu nusu ya mwaka. Tena hatuna mlima, sembuse theluji.

Klabu ya jiografia ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Nimeifufua. Kazi yake ni moja: kupima kila siku mpaka yule kijana ajibiwe.

15 Juni

Vifaa. Vipima mvua vitatu, vyote ni chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo, shingo ikapinduliwa ikawa faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo tumemimina saruji kidogo ndani na kuisawazisha, ndipo rula ikapata pa kuanzia. Kimoja kipo uwanjani, cha pili nyumbani kwa mwanafunzi upande wa Mtwara mjini, cha tatu kwenye shamba la chumvi ng'ambo ya ghuba. Vipimajoto viwili kutoka maabara, ambavyo mtunza maabara alinisainisha kama nakopa benki. Beseni jeupe pana la kutazama maji yanavyokauka. Kikombe cha bati. Kipande cha kanga kwenye mti wa muhogo mkavu, ndiyo bendera ya upepo. Kaunta buku moja.

Upepo leo ni kusi, kama ilivyotarajiwa. Mvua: 0.

29 Juni

Mvua: 0. Wiki mbili za sifuri, na wanachama wameshapungua kutoka ishirini na mbili hadi tisa. Mmoja ameniuliza kwa adabu zote kama hatuwezi kuandika "hakuna" mara moja tu na kufunga daftari mpaka Novemba.

Tumejipa kazi nyingine. Saa saba mchana mchanga wa ufukweni umefika nyuzi 53. Maji ya bahari, umbali wa hatua ishirini tu, nyuzi 26. Jua ni lile lile. Kesho yake alfajiri tukarudi: mchanga 21, maji 25 na kitu. Yaani mchanga umepanda na kushuka nyuzi zaidi ya thelathini, bahari haijacheza hata nyuzi moja kamili.

Hapo nilifundisha bila chaki. Kilo moja ya maji inataka joto kama mara tano ya lile linalotakiwa na kilo moja ya mchanga mkavu ili kupanda nyuzi moja. Isitoshe, mchanga unaungua juu tu (ukichimbua kiganja kimoja ni baridi), wakati bahari inachanganywa na mawimbi na kulipeleka joto chini. Mita tatu tu za juu za bahari zote duniani zina uwezo wa kubeba joto kama la anga lote lililo juu yetu.

Mtoto wa mvuvi akaongeza lake: ndiyo maana baba yake anatoka alfajiri na upepo wa bara, ule unaoitwa umande, na kurudi mchana na upepo wa bahari. Nchi kavu ikiungua, hewa yake inapanda, ya baharini inakuja kuziba nafasi. Usiku mambo yanageuka. Nikamwambia andika hilo kwenye daftari kwa mwandiko wako.

6 Julai

Aibu. Daftari la kituo cha mjini lina "mm 12" siku ya Jumatano, na Jumatano mji mzima haukupata wingu la maana. Nilipomuuliza mwenye zamu, akatazama viatu. Alikuwa tuisheni, hakusoma kipimo, akaona sifuri zimezidi, akahurumia daftari.

Sikumchapa wala kumfukuza. Tumekaa darasani na kuzungumza juu ya sifuri kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Sifuri ni kipimo. Swali letu lote limejengwa juu ya sifuri. Ukipachika kumi na mbili katikati, swali limekufa. Tumepiga mstari mmoja mwekundu juu ya ile namba, isomeke lakini isihesabiwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga.

20 Julai

Siku nzuri kuliko zote mpaka sasa. Tumevuka kwenda kwenye majaruba ya chumvi, nyuma ya mikoko. Mama anayetusimamia pale amefanya kazi hiyo tangu msichana. Maji yanaingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa hadi huku juu, kisha yanahamishwa jaruba hadi jaruba yakizidi kukolea. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Lazima yakauke mpaka ibaki kama sehemu moja kati ya kumi ndipo chumvi ya kula ianze kuganda.

Nikawauliza watoto: hayo mengine tisa yamekwenda wapi? Kimya. Kisha mmoja akatazama juu.

Beseni letu linapungua milimita 6 kwa siku. Inaonekana ndogo. Lakini milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kila mita ya mraba inatoa lita sita kila siku, yaani ndoo ndogo. Nami kwa kuwa juzi tu nimenunua umeme, nikawapigia hesabu ya LUKU: kugeuza lita sita kuwa mvuke kunakula nishati ya uniti nne hivi. Kila mita, kila siku, na jua halidai tokeni. Sasa tandaza hiyo juu ya bahari yote. Asilimia 86 hivi ya mvuke wote unaopanda kutoka duniani unatoka baharini. Mito, maziwa na majani ya miti vinagawana kinachobaki.

Hilo joto halipotei, na hapa ndipo wengi wanapoachia. Limefichwa ndani ya mvuke. Siku mvuke utakaporudi kuwa matone huko juu, joto lile lile litaachiwa, na ndilo linalovimbisha wingu mpaka liwe mlima.

Mama akatuonyesha kitu ambacho sikukijua. Jaruba la mwisho hukauka polepole kuliko la kwanza, ingawa yote yanapigwa na jua moja. "Chumvi ikikaribia, maji yanakuwa bahili," alisema. Ndivyo: chumvi inayashikilia maji, mvuke unatoka kwa shida. Na yale maji ya mwisho kabisa huyamwaga, kwa sababu yana uchungu. Ni magneziamu hiyo. Wanafunzi watatu walionja kuthibitisha, mmoja hakuamini akaonja tena.

Yeye anaomba sifuri ziendelee. Mvua moja ya Oktoba ikimkuta na chumvi haijakusanywa, kazi ya wiki tatu inarudi kuwa maji.

17 Agosti

Newala, nyumbani kwa mjomba wa mwanafunzi mmoja. Nauli nimetoa mfukoni, hilo nisiliandike sana.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, shuka moja haikutosha. Tumesimama Shimo la Mungu tukitazama ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Hapa ndipo watoto wa pwani walipopata mshangao: juu ya uwanda wa Makonde mvua inanyesha vizuri wakati wake, lakini hakuna mto. Udongo ni mchanga, maji yanazama moja kwa moja, yanasafiri chini kwa chini, yanakuja kutokea kama chemchemi huko mabondeni. Bibi wa nyumba alitusimulia jinsi walivyokuwa wakishuka bondeni kabla ya jua na kupanda na mtungi kichwani. Hata maji ya bomba ya huku yanapandishwa kwa pampu kutoka bonde la Kitangari. Yaani mzunguko wa maji hapa una kipande kimoja ambacho jua halikifanyi. Zamani kilifanywa na shingo za akina mama, leo kinafanywa na pampu. Sijakiona kwenye picha yoyote ya kitabuni.

Mvua: 0, vituo vyote vitatu.

7 Septemba

Nadhani tumepata jibu. Limetoka kwa nahodha mstaafu, babu wa mwanachama wetu mmoja, aliyekubali kuja klabuni kwa sharti la kahawa na kashata.

Nilimwomba azungumzie pepo. Akasema kaskazi inaleta, kusi inapeleka. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakija na kaskazi kuanzia Desemba, yakishusha tende na vyombo; kusi ikishika, yanafumua matanga kurudi. "Kusi haikai na kitu," alisema. "Inachukua, inakwenda."

Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Babu, na maji je? Inachukua?"

Nilitaka kumkumbatia.

Maana ndivyo ilivyo. Miezi hii bahari inatoa mvuke kweli kweli. Beseni letu na majaruba ya mama ni mashahidi. Ila hewa ya kusi juu yetu imefunikwa. Kiasi cha kilomita moja na nusu au mbili kwenda juu kuna tabaka la hewa kavu yenye joto inayoshuka polepole, na mvuke ukipanda unakigonga kifuniko hicho. Vijiwingu vyeupe vya mchana, vile vya kama pamba, ndio mwisho wake. Mvua inataka hewa ipande juu sana, na mahali hewa inapopanda, pale pepo za pande mbili za ikweta zinapokutana, pamefuata jua kaskazini. Watabiri wetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapaita ukanda mvua. Juni hadi Septemba ukanda mvua uko mbali na sisi.

Na mvuke wetu? Kusi inaubeba kufuata pwani, inavuka ikweta, inageuka juu ya Somalia na kuwa upepo wa kasi unaokimbia chini chini juu ya Bahari ya Arabu hadi India. J. Findlater aliuchambua upepo huo miaka ya 1960, na wataalamu wengine wanauita kwa jina lake hadi leo. Mvuke hukaa angani wastani wa siku tisa au kumi kabla ya kuanguka. Muda unatosha safari hiyo. Tarehe ya kawaida ya masika ya India kufika Kerala ni 1 Juni. Sisi tulianza kuandika sifuri wiki mbili baadaye.

Si kila tone la India limetoka Mikindani, nimewaonya wasiende kujisifu nyumbani. Bahari ya Hindi ya kusini yote inachangia. Lakini kijana wa dawati la nyuma ameelewa haraka kuliko wote: "Kwa hiyo inanyesha, Mwalimu. Inanyesha kwa wenyewe."

Nahodha alimaliza kahawa, akasema na maji ya baharini nayo yana njia yao, hapa kwetu hayalali, yanakwenda Kilwa. Sahihi tena. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki ukivuka Bahari ya Hindi unaigonga Afrika karibu na hapa, eneo la Rasi Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kugawanyika: tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapita mbele yetu kwenda Kilwa, Mafia na Zanzibar. Joto linalokuja nalo limekusanywa kwenye jua la bahari kuu.

20 Oktoba

Saa sita na dakika kama nne mchana, mlingoti wa bendera haukuwa na kivuli. Sisi tupo nyuzi kumi na robo kusini mwa ikweta, na leo jua limepita utosini kuelekea kusini. Wanafunzi walizunguka mlingoti kama wanatafuta kitu kilichodondoka.

Sasa swali jipya: kama jua liko utosini leo, mvua si ingekuja leo? Mvua: 0. Bahari imefika nyuzi 27 tu. Jua limewahi, bahari imechelewa. Ule uzito wa maji tuliouona Juni ufukweni, mchanga ukipanda na bahari ikikaa palepale, ndio huu huu, ila sasa kwa kipimo cha majira. Jua likija, bahari inachukua wiki nyingi kupata moto, na pepo zinangoja.

Tumerudia jaribio la kikombe tulilolifanya Julai. Kikombe cha bati, maji, barafu ya mfuko kutoka dukani, kipimajoto ndani. Unakoroga mpaka nje ya kikombe patoke jasho, unasoma. Mmoja alibisha kwamba kikombe kinavuja, tukaweka rangi kwenye maji, jasho likatoka jeupe, akanyamaza. Julai kilitoka jasho kwenye nyuzi 19. Leo 22: hewa ina mvuke zaidi.

9 Novemba

Upepo haueleweki. Kanga mara huku, mara kule, mara imelala. Nahodha anasema ni maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijaamka. Wenye korosho wanakimbizana na mizigo kwenda ghalani, maana korosho ikinyeshewa inaanikwa upya na daraja linashuka. Mama wa chumvi anakusanya usiku na mchana. Wenye mahindi wanatazama juu. Mji mmoja, dua tatu.

28 Novemba

Mm 3!

Kituo cha shule pekee. Mjini sifuri, chumvini sifuri. Watoto walikuja kunigongea saa kumi na mbili asubuhi kana kwamba kuna msiba. Kikombe: nyuzi 24. Hewa ya nyuzi 24 iliyoshiba ina mvuke zaidi kwa theluthi na kidogo kuliko ile ya 19. Bahari 28.

16 Desemba

Mm 61 usiku mmoja, radi mpaka alfajiri. Kaskazi imeshika. Kipima mvua cha mjini kimebebwa na maji, tumekikuta mtaa wa tatu kimejaa mchanga. Usomaji wake umepotea, tumeandika mstari mtupu, si sifuri. Yule wa "mm 12" ndiye aliyesisitiza tofauti hiyo.

Paa la madarasa manne ni kama mita za mraba 160. Zidisha: lita 9,760. Tangi la shule linabeba 5,000, tena mfereji umetoboka. Nimempelekea mkuu wa shule hesabu hiyo kwenye karatasi moja, bila maneno mengi.

Chumvini majaruba yamegeuka bwawa. Mama ameshafunga msimu, anasuka ukili.

18 Januari

Redio imetaja mgandamo mdogo wa hewa baharini mbali huko, na darasa zima limetaka kuzungumzia kimbunga Kenneth. Walikuwa wadogo, lakini 25 Aprili 2019 wanaikumbuka: shule zilifungwa, watu wa mabondeni wakaambiwa wahame, Mtwara yote ikangoja. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, kusini kwetu.

Kimbunga kinataka bahari ya nyuzi 26 na nusu au zaidi, na joto hilo lishuke chini kwa makumi ya mita. Chakula chake ni ule mvuke wa uniti nne. Kinataka pia mzunguko wa dunia ukisukume kizunguke, na karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu. Sisi wa nyuzi kumi tupo pembezoni mwa njia yao, si nje yake. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia huku barabara ya Dar es Salaam ikikatika upande wa Kilwa. Hili nililisema polepole, maana wengine wamezoea kuamini kwamba vimbunga ni vya Msumbiji.

21 Februari

Saa sita na nusu na dakika tatu hivi: mlingoti hauna kivuli tena. Jua linarudi kaskazini. Mara ya kwanza lilipopita mchanga ulikuwa mkavu na daftari lina sifuri. Leo tumesimama kwenye tope, bahari nyuzi 29 na nusu.

Tumeanza kuchora picha mpya ya ukutani. Mlima wenye theluji umetolewa, umewekwa uwanda wa Makonde na mishale inayozama chini na kutokea bondeni, na mwanamke mwenye mtungi, na pampu. Mshale wa Desemba unatoka baharini na kutuangukia. Mshale wa Juni umepewa kijana wa dawati la nyuma auchore, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Ameutoa Mikindani, akaupitisha Kilwa, Zanzibar, Mombasa, akafika ukingo wa karatasi hata Mogadishu hajaigusa.

Imebidi tununue karatasi ya pili ya manila. Gundi imeisha, Jumatatu.